Keshia na muuguzi: nani amelemewa zaidi?

Nikiitwa kupima mzigo wa akili wa wafanyakazi, uongozi huwa unataka namba moja kwa kila kada ili ijulikane nani kalemewa zaidi. Namba hiyo naweza kuitoa, lakini peke yake inapotosha.

Natumia NASA-TLX, kipimo kilichobuniwa kwenye kituo cha NASA Ames, California, na kuchapishwa na Sandra Hart na Lowell Staveland mwaka 1988. Mfanyakazi hujipimia mwenyewe, kuanzia 0 hadi 100, mambo sita: kazi ilidai afikiri kiasi gani, ilimchosha mwili kiasi gani, ilimkimbiza kiasi gani, matokeo yake yalikuwaje, alijituma kiasi gani na alikereka kiasi gani. Kwenye matokeo kuwa makini: 0 ni kufanikiwa kabisa, 100 ni kushindwa. Wengi hujaza kinyume, kwa hiyo simwachii mtu fomu kabla ya kumweleza hilo kwa mdomo.

Tuseme keshia wa hospitali ameandika, kwa mpangilio huo, 70, 20, 90, 40, 70, 70. Muuguzi wa wodi ameandika 80, 80, 60, 30, 80, 30. Kila mmoja ana wastani wa 60. Je, wako sawa? Hata kidogo! Keshia anabanwa na foleni na kero za dirishani, na pengine dirisha la pili lingempunguzia. Muuguzi anahitaji mwenzake wa kusaidiana kugeuza wagonjwa.

Ndiyo maana kipimo kina sehemu ya pili, ambayo watafiti wengi huiruka: mambo yale sita hupangwa mawili mawili, jozi 15, na katika kila jozi mfanyakazi huchagua lililochangia zaidi mzigo wake. Kisha alama ya kila jambo huzidishwa kwa idadi ya mara lilizochaguliwa, na jumla hugawanywa kwa 15. Keshia akichagua kukimbizwa mara 5, kero 4, kufikiri 3, kujituma 2, matokeo 1 na mwili 0, alama yake inafika karibu 75. Muuguzi akichagua kufikiri 5, matokeo 4, kujituma 3, kukimbizwa 2, mwili 1 na kero 0, anapata 64.

Fomu ijazwe mara zamu inapoisha, wala isipitie mikononi mwa msimamizi. Anayehofia kibarua chake hawezi kuandika kwamba kero ni 90.