Trikonasana si dua

"Mwalimu, mikao yote nitafanya, ila hayo majina sitayatamka." Nimechoka kulijibu hili kila darasa jipya likianza, basi naliandika.

Dhana: majina ya mikao ya yoga ni dua za Kihindu.

Ukweli: ni maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na mengi yanaeleza umbo la mwili tu. Ondoa kwanza mkia, asana, neno la kukaa, kisha soma kilichobaki. Trikonasana: tri ni tatu, kona ni pembe. Adho mukha svanasana: adho chini, mukha uso, svana mbwa, mtazame mbwa akijinyoosha baada ya kulala, utauona mkao wenyewe. Janu sirsasana: goti na kichwa. Dua gani hiyo, ya goti na kichwa? Paschimottanasana inawatisha watu kwa urefu wake, lakini paschima ni magharibi na uttana ni kunyoosha kwelikweli. Magharibi hapo ni upande wote wa nyuma wa mwili, visigino hadi utosi, kwa kuwa desturi ni kufanya mazoezi umeelekea jua linakochomoza.

Sitaficha, yapo yenye miungu na visa vyao. Hanumanasana, ule wa kupiga msamba, unamkumbuka Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, alivyoruka bahari kwenda kisiwa cha Lanka. Virabhadra, shujaa wa Virabhadrasana, alitoka kwenye nywele za mungu Shiva, akamkata kichwa Daksha, baba mkwe wa Shiva. Ila kutaja si kuabudu: Januari nayo ni ya Janus, mungu wa Warumi, na sijaona anayeiruka kwenye kalenda. Ukibaki na shaka, sema "mkao wa pembetatu", sitagombana nawe. Nisichokubali ni kumtisha jirani yako mkekani kwamba anaabudu bila kujua.

Dhana nyingine nazijibu kwa ufupi. Utkatasana, inayoitwa mkao wa kiti, haina kiti ndani yake. Utkata ni kali, yenye nguvu, na mapaja yako ni shahidi. Ardha matsyendrasana si nusu samaki. Ardha ni nusu, sawa, lakini Matsyendra ni jina la gwiji wa yoga; wa samaki ni matsyasana. Eti majina yote yana maelfu ya miaka? Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha yoga cha karne ya 15, inaeleza mikao 15, mingi ya kukaa, na Virabhadrasana haimo. Na simhasana, mkao wa simba, haikutupa neno simba. Letu ni la Kibantu, yamefanana kwa bahati.

Savasana ni mkao wa maiti, si wa usingizi. Ukikoroma, nakuamsha.