"Si Mafuta Tu, Fundi?"

Wiki iliyopita dada mmoja, mtumishi wa wizara, aliniletea Toyota IST inayogonga mguu wa mbele kushoto. Nikamtajia vipuri vya mguu vya kubadilisha: bushi mbili, bolijointi, stabilaiza linki. Akashika kiuno. "Fundi, mbona mimi nilipanga mafuta tu?"

Maneno hayo nayasikia hapa Dodoma tangu watumishi waanze kuhamia, na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja. Safari nyingine nitakupa usome hapa wakati mimi nafungua tairi.

"Gari ukishanunua, kinachobaki ni mafuta."

Kwanza hata hayo mafuta hamyajui. Mtu anaweka ya elfu kumi leo, keshokutwa ya elfu kumi na tano. Muulize mwezi mzima amemaliza kiasi gani, anaangalia juu. Mchukue huyo dada. Nkuhungu mpaka Mtumba kwenye Mji wa Serikali na kurudi, ongeza mizunguko ya wikiendi, ni kama kilomita 1,300 kwa mwezi. IST isiyo na ubovu tuipe kilomita 13 kwa lita: lita 100. Lita tuifanye shilingi 3,000 hesabu iwe nyepesi, maana EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na ya kwetu huwa juu kuliko ya Dar. Laki tatu. Bajeti yake yote iliishia hapo.

Sasa kwa mwaka gari hilo linatembea kilomita 15,600. Kila 5,000 linadai oili na filta, kama laki moja kila mara: 300,000. Tairi nne za 150,000 zikikaa miaka mitatu, kila mwaka zinakula 200,000. Betri, kwa joto letu, naihesabia miaka miwili, basi 75,000 kwa mwaka. Bima ndogo 118,000. Kuosha mara moja kwa wiki kwa 5,000 ni 260,000. Cheka tu, lakini imekaribia oili zako za mwaka mzima. Miguu na breki, kwa mtu ambaye lami haijafika mtaani kwake, usiweke chini ya 500,000.

Jumla 1,453,000, yaani zaidi ya 121,000 kila mwezi. Hapo injini haijafa, trafiki hajakusimamisha, hujagonga wala kugongwa. Gari ni zima kabisa.

Gawanya kwa kilomita zako unapata shilingi 93. Ndiyo maana wateja wengine wananiita Fundi Mia: kila kilomita tenga shilingi 100. Mwisho wa mwezi soma dashibodi, zidisha, hamishia kwenye laini ya simu ambayo hutembei nayo. Atakayeniambia hana hiyo mia, namshauri aendelee na daladala, na siombi radhi.

Halafu kuna vumbi. Filta ya hewa ya dada niliichomoa nikaigonga kwenye tairi, likamwagika vumbi jekundu la kujaza kisosi. Akasema alipokuwa Dar fundi wake hakuwahi kuigusa. Sawa, lakini huku kiangazi naipuliza kila servisi, na ikikataa kusafishika inatupwa. Hilo mnalolalamikia kwamba gari limekuwa zito, mara nyingi linaanzia hapo.

Maji ya bomba au ya kisima kwenye rejeta, ile inayopoza injini, naomba tuache. Visima vingi vya huku vina chumvi, na chumvi hiyo inaganda ndani ya rejeta kama inavyoganda kwenye birika lako la chai. Nunua kulenti, maji maalumu ya rejeta.

"Nimetenga na ya rodi leseni." Ile ada ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta. Unailipa kila unapojaza. Hiyo uliyotenga ipeleke kwenye bushi.

"Bima si bima tu?" Ndogo inamlipa uliyemgonga. Lako utalitengeneza mwenyewe, huku mkopo ulionunulia ukiendelea kukatwa kwenye mshahara.

"Nimeliona mtandaoni, bei nzuri." Hiyo ni bei ya Japani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari dogo lililopita miaka kumi linaongezewa uchakavu wa asilimia 30, bado ushuru mwingine wa ukubwa wa injini. Na TRA, watu wa kodi, wana thamani yao kwenye mfumo, hawaangalii risiti yako. Kwa gari kuukuu la bei chee, kodi inaweza kupita bei uliyolinunulia, na hapo bado liko bandarini Dar, kilomita mia nne na ushee kutoka hapa.

"Ni namba E, bado jipya." Herufi hiyo ya kwenye namba ya usajili inakuambia lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Kijana mmoja aliongeza milioni mbili nzima juu ya bei kwa sababu ya E, kisha akalileta nilikague. Nikamwambia avute mkanda wa dereva mpaka mwisho, kule chini kuna kilebo kidogo cheupe chenye mwaka wa kutengenezwa. Akakisoma mara mbili, akakisugua kwa kidole. Kilikuwa kimeandikwa 2004.