Ukipatikana na Virusi vya HPV: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kipimo cha Pili

Mwanamke akipokea ujumbe wa simu kutoka kliniki akiwa ndani ya matatu ya kurudi Kayole, jijini Nairobi, ukimjulisha kwamba amepatikana na virusi vya HPV, vinavyohusishwa na saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba arudi, huenda asishuke kituoni kabla ya kupata tafsiri tatu za ujumbe huo. Dada yake atamwambia kuwa hiyo ni saratani, jirani atamwambia amuulize mumewe alikuwa wapi, na mwenzake wa chama atamtajia muuza dawa za kusafisha kizazi. Kliniki yenyewe ndiyo iliyosema maneno machache kuliko wote. Mimi siwalaumu sana wanaokosa kurudi, kwa sababu wengi wao hawakuelezwa kwamba kipimo cha kwanza kazi yake ni kuwachuja tu wanaohitaji kutazamwa zaidi, na kwamba uamuzi hutolewa katika ziara ya pili.

"Nimepatikana na HPV, kwa hivyo nina saratani."

Virusi vya HPV vina aina zaidi ya 200, na ni kumi na kadhaa tu zinazohusishwa na saratani ya mlango wa kizazi. Aina mbili kati ya hizo, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo duniani. Kipimo cha HPV hutafuta chembe za urithi za aina hizo hatari, wala hakitazami seli za mlango wa kizazi, na ndiyo maana sampuli yake mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti chenye pamba. Kwa wanawake walio wengi, kinga ya mwili huviondoa virusi hivyo katika muda wa mwaka mmoja au miwili bila dawa yoyote. Ni pale vinapong'ang'ania miaka na miaka ndipo seli huanza kubadilika, na hata hapo, kwa mwenye kinga ya kawaida, safari ya kufikia saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na virusi vya Ukimwi bila kutumia dawa, safari hiyo inaweza kufupika ikawa miaka 5 hadi 10.

"HPV ni HIV."

Siyo. Ni virusi viwili tofauti vilivyobahatika kupewa herufi zinazofanana, na muuguzi anayetamka majibu haraka mbele ya benchi lililojaa watu huongeza mkanganyiko huo. Hata hivyo vinakutana mahali pamoja: mwanamke anayeishi na HIV ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 25, ilhali wengine huanza wakiwa na miaka 30.

"Mume wangu ametoka nje."

Hakuna kipimo kinachoweza kusema virusi viliingia lini wala vilitoka kwa nani. HPV huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa ngono, watu wengi huipata wakati fulani maishani, na inaweza kutulia mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana. Majibu ya leo yanaweza kuwa ya uhusiano wa zamani, wa mke au wa mume. Ndoa iliyovunjika kwa karatasi ya maabara imevunjwa na jambo ambalo karatasi hiyo haikulisema.

"Siki haikuonyesha kitu, kwa hivyo nimeshamaliza."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inamkuta mwanamke ambaye tayari amerudi. Katika ziara ya pili, vituo vingi hutumia kipimo cha siki: mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Kwingine hutumika kipimo cha Pap, ambapo seli hukwanguliwa na kutazamwa kwa hadubini, au kolposkopi, yaani kuutazama mlango wa kizazi kwa lenzi inayokuza. Vipimo hivi vikitoka safi, havifuti majibu ya HPV. Cha kwanza kiliuliza kama virusi vipo. Cha pili kinauliza kama vimekwisha kuharibu seli. Jibu la "bado" lina maana kwamba virusi vinaweza kuwa bado vipo, na kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha HPV kirudiwe baada ya miezi 24, au miezi 12 kwa anayeishi na HIV. Muda huo unaupa mwili nafasi ya kuviondoa virusi wenyewe, na bado ni mfupi mno kwa seli za kawaida kugeuka saratani. Vikikutwa tena, inajulikana kwamba havikuwa wageni wa kupita, na uchunguzi huanza upya.

Kuna jambo moja ambalo mama aliyekoma hedhi anapaswa kulijua. Baada ya hedhi kukoma, eneo ambalo saratani hupenda kuanzia hurudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, na siki haiwezi kulionyesha. Akiambiwa kwamba siki ni safi, ana haki ya kuuliza kama eneo hilo lilionekana lote.

Wapo pia wanaotibiwa siku ileile bila kipimo cha pili, wakadhani wamefanyiwa kazi ya haraka. Kwa wanawake wasioishi na HIV, utaratibu huo wa kupima na kutibu unakubalika kimataifa.

"Kolposkopi ni upasuaji, nao huishia kutolewa kizazi."

Kolposkopi ni lenzi inayokuza na yenye taa, ambayo hubaki nje ya mwili. Ilibuniwa Ujerumani na Hans Hinselmann katika miaka ya 1920. Daktari akiona sehemu ya kutilia shaka hunyofoa kipande kidogo kikapimwe. Seli zilizobadilika zikipatikana, huchomwa kwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 hivi kwa muda wa kama dakika moja, au hugandishwa, au hukatwa kwa uzi wa umeme. Kizazi hubaki. Aliyekatwa kwa uzi wa umeme amweleze daktari wake akishika mimba, kwa kuwa hatari ya kujifungua kabla ya wakati huongezeka kidogo.

"Nimetibiwa, virusi vimekwisha."

Matibabu huondoa seli zilizoharibika, na hakuna dawa inayoua virusi vya HPV vyenyewe. Anayetibiwa hurudi kupimwa baada ya miezi 12. Chanjo, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019, huzuia maambukizi mapya, lakini haitibu yaliyopo. Mitishamba inayosokomezwa ukeni haifanyi lolote kati ya hayo, na inaweza kuchubua sehemu ambayo daktari anahitaji kuiona vizuri.

Hoja ya mwisho ninayoisikia ni kwamba asiye na maumivu hana sababu ya kupoteza siku ya kazi. Mabadiliko ya awali ya seli hayaumi wala hayatoi dalili, na makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka Kenya katika wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya 5,000 na vifo zaidi ya 3,000 kwa mwaka mmoja. Ratiba ya miezi 12 au 24 ni ya asiye na dalili. Anayetokwa na damu baada ya kujamiiana au baada ya hedhi kukoma aende hospitali wiki hiyohiyo. Na kwa kuwa katika jiji hili watu huhama nyumba na kubadilisha laini za simu kabla ya miezi 24 kwisha, ni vyema kubaki na nakala ya majibu yenye tarehe, ili kliniki ya Rongai iweze kuendelea pale ilipoishia ya Umoja.