Ramy Youssef hakuitupa dini ili achekeshe

Wapo wanaoamini kwamba Mwislamu mwenye asili ya Kiarabu akitoboa Hollywood kwa uchekeshaji, basi dini ameshaitupa. Si kweli. Mtazame Ramy Youssef, mchekeshaji Mwislamu wa Marekani.

Alizaliwa New York mwaka 1991, wazazi wake Wamisri, akakulia New Jersey. Januari 2020 alishinda tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa kiume wa vichekesho vya televisheni. Alipopanda jukwaani, kabla ya kumshukuru binadamu yeyote, alimshukuru Mungu na kutamka "Allahu Akbar", ukumbi mzima wa nyota wa filamu ukimsikia. Machi 2024, ndani ya Ramadhani, aliongoza Saturday Night Live, kipindi maarufu cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, akaeleza dua zake: watu wa Palestina wawe huru, na mateka wote waachiwe.

Kinachowachanganya wengi ni tamthilia yake, Ramy, iliyoanza 2019. Mhusika mkuu, Ramy Hassan, anaswali, anafunga, na bado anazini. Watu wakadhani ndiye yeye. Huyo ni wa kutungwa, ingawa kachotwa kwenye maisha ya mtunzi. Na mzaha wenyewe haumgusi Mungu. Unamlenga kijana anayeijua njia na bado anateleza. Mimi naona asiyeijali dini asingeweza kuuandika.