Kwa Nini Mtu Hawezi Kujitekenya

Kila mwaka, kabla sijaandika neno lolote ubaoni, huwaomba wanafunzi wangu wa fiziolojia ya neva wajitekenye kiganjani kwa ncha ya kalamu, kisha wampe jirani kalamu hiyo hiyo awatekenye pale pale. Ngozi haijabadilika, wala kalamu, wala neva zinazopeleka habari kwenye uti wa mgongo. Hata hivyo jirani akianza tu, darasa zima huangua kicheko.

Ubongo unapoiamuru misuli ifanye kazi, hubaki na nakala ya amri hiyo, na kutokana na nakala hiyo hukadiria mguso, sauti au taswira itakayofuata. Habari halisi zinapowasili kutoka kwenye ngozi, makadirio hayo hutolewa ndani yake, kama muuza duka anavyotoa uzito wa bakuli ili apate uzito wa sukari peke yake. Mguso uliotabiriwa barabara hufifia, na ule ambao haukutarajiwa husikika kwa nguvu zake zote. Wazo hili si geni: mwaka 1950 von Holst na Mittelstaedt walilieleza nchini Ujerumani baada ya kuchunguza nzi, na mwaka huo huo Sperry, nchini Marekani, akalifikia kwa kuchunguza samaki ambao jicho lao lilikuwa limegeuzwa juu chini kwa upasuaji, wakawa wanazunguka mahali pamoja bila kukoma.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, London, lililochapishwa mwaka 1999. Mshiriki alisogeza roboti kwa mkono wa kushoto, na roboti ya pili ikafuata mwendo huo huo ikipitisha kipande laini cha sponji kwenye kiganja chake cha kulia. Roboti zilipokwenda sambamba, mtekenyo ulikuwa hafifu. Watafiti walipoweka ucheleweshaji mdogo kati ya mkono na sponji, wa milisekunde 100, kisha 200, mtekenyo uliongezeka hatua kwa hatua, ingawa mshiriki alijua fika kwamba ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiusababisha. Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Kujua hakusaidii kitu. Kinachopunguza mguso ni utabiri unaofika kwa wakati wake, na sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha kuuvuruga. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti hao walikuwa wamepiga picha za ubongo na kuona kwamba eneo linalopokea mguso hutulia mtu anapojigusa, na kwamba serebelamu, yaani ule ubongo mdogo ulio kisogoni, inahusika katika kuliandaa kwa mguso huo.

Mzazi yeyote amewahi kuamua ugomvi wa watoto wawili ambao kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye aliyempiga kwa nguvu zaidi. Kwa maoni yangu, mara nyingi wote wawili husema kweli. Mwaka 2003 Sukhwinder Shergill na wenzake waliwaketisha watu wawili wawili, wakawaagiza wabonyezane vidole kwa zamu, kila mmoja akirudisha nguvu ile ile aliyopokea. Nguvu ilipanda zamu baada ya zamu, kwa sababu kila mtu aliuhisi mbonyezo wake kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa.

Samaki nao wanayo hesabu hii. Domodomo wa Ziwa Victoria ni wa jamaa ya samaki wanaotoa mapigo dhaifu ya umeme ili kutambua vitu katika maji yenye giza, na pigo lake mwenyewe lingeweza kumfunika habari zote nyingine. Curtis Bell aliwalegeza samaki wa jamaa hiyo kwa dawa, amri ya ubongo ikawa inatoka bila pigo kutokea, kisha akaambatanisha kila amri na msisimko wa umeme wa bandia. Baada ya dakika kadhaa aliuondoa msisimko huo, na seli za ubongo zikaonyesha kinyume chake kamili: utabiri wenyewe, ukiwa peke yake.

Kinachonigusa zaidi ni wagonjwa wanaosema kwamba mkono wao unaendeshwa na mtu mwingine, au wanaosikia sauti za watu wasiokuwepo. Jamaa zao hudhani kwamba wanajifanya. Mwaka 2000 Blakemore aliwapima wagonjwa wa akili, akawagawa kwa dalili hizo badala ya jina la ugonjwa. Wasiokuwa nazo waliuhisi mguso wao wenyewe kuwa hafifu, kama watu wengine wote. Wenye nazo waliuhisi kuwa sawasawa na mguso wa mtu mwingine.