Sabasaba ni tarehe, maonyesho ni maonyesho

Juzi mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la tano, kaniletea daftari la Maarifa ya Jamii uso umemshuka. Swali lilikuwa fupi tu, "Sabasaba ni nini?", na yeye kajibu kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto, "Sabasaba ni tarehe saba mwezi wa saba, siku TANU ilipozaliwa." Pembeni kuna alama ya kosa, kalamu nyekundu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka kidogo, na chini yake kaandikiwa, "Ni maonyesho ya biashara." Akaniuliza, "Shangazi, sasa mimi nimekosea wapi?" Nikamwambia hujakosea mwanangu, kaa hapa nikueleze. Nilivyomueleza yeye ndivyo naandika hapa, maana sio mwalimu huyo peke yake, kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia kuisha nasikia watu wazima wanasema "Sabasaba imeanza", "Sabasaba imeongezwa siku", na mwingine yuko mtandaoni anagombana na Mkenya eti mmetuibia Sabasaba yetu.

Kwa kifupi, Sabasaba ni jina la tarehe 7 mwezi wa 7. Basi. Tarehe haianzi mapema wala haiongezwi siku. Kinachoanza kwa kawaida tarehe 28 Juni na kuisha tarehe 13 Julai ni Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, yale yanayosimamiwa na TanTrade, mamlaka ya serikali ya kuendeleza biashara, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, na yanaitwa ya Sabasaba kwa sababu tarehe hiyo, ambayo ni sikukuu, iko katikati yake. Maonyesho yamepewa jina la tarehe. Watu tumegeuza, tunaona kama tarehe ndio imepewa jina la maonyesho.

Sasa jina lenyewe, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo ninapopapenda. Jina kama hili linawezekana kwa sababu sisi miezi tunaihesabu. Muulize mama yeyote sokoni mtoto wake kazaliwa lini, hatakwambia Julai, atakwambia mwezi wa saba. Kwa hiyo tarehe saba ya mwezi wa saba ikawa saba ya mwezi wa saba, ikawa saba ya saba, ikawa sabasaba, imejikata yenyewe mdomoni. Mtu ambaye mwezi kwake ni Julai tu hawezi kufika hapo, hana saba ya pili ya kurudia. Na kuna raha nyingine, wale wanaotanguliza mwezi na wanaotanguliza siku wote hapa wanakutana, huwezi kuikosea 7/7 hata ukigeuza mpangilio wake kichwa chini miguu juu. Ila kumbuka huo ni mwezi wa saba wa kuhesabu kuanzia Januari, maana watu wa pwani wana hesabu yao nyingine ya mfungo, inayoanza baada ya Ramadhani, ndio maana Maulidi yanaangukia mfungo sita, na huo mfungo saba hauna uhusiano wowote na Sabasaba.

Neno saba lenyewe ni la Kiarabu, kama sita na tisa. Namba zetu nyingine za chini, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi, ni za Kibantu tangu asili. Zamani Waswahili walikuwa na namba yao ya saba, mfungate, na wala haijafa kabisa, imejificha kwenye fungate, zile siku saba za maharusi kukaa ndani baada ya harusi. Wasukuma mpaka leo wakihesabu wanasema mpungate. Yaani kama saba ya Kiarabu isingekuja na majahazi, leo tungekuwa tunakwenda kwenye maonyesho ya Mfungatemfungate. Wakati Nanenane, ile ya wakulima ya tarehe 8 Agosti, ni Kibantu kitupu. Lugha yetu iko hivyo, haioni tabu kuviweka viwili kwenye rafu moja, si unaona hata kwenye wiki tuna Jumatano, tano ya Kibantu, alafu kesho yake tu Alhamisi, tano ya Kiarabu, na hakuna aliyewahi kupotea siku ya kwenda kazini.

Kinachoniumiza zaidi ni maandishi. Sabasaba ya tarehe, kwangu mimi, ni neno moja. Saba saba maneno mawili ni kitu kingine kabisa, ni kugawa. "Wape machungwa saba saba" maana yake kila mmoja apate saba. "Waliingia saba saba" maana yake waliingia kwa makundi ya watu saba. Hiyo ndio kazi ya kurudia namba kwenye Kiswahili, na mfano mzuri uko Kenya, kuna ile pombe haramu iliitwa kumi kumi kwa sababu ya bei yake ya shilingi kumi, sio kwamba ilizaliwa tarehe kumi Oktoba. Ukiandika Sabasaba pamoja, msomaji anajua unamtajia jina, ukitenganisha anabaki anatafuta ni saba za nini zinagawiwa nani. Najua magazeti ya Kenya yanaandika Saba Saba kwa herufi kubwa mbili, na hapo sina ugomvi, ile herufi kubwa inasaidia kuonyesha kuwa ni jina. Ila "saba saba" ya herufi ndogo kwenye bango la tangazo, jamani, hapana.

Turudi kwenye tarehe. Tarehe ni kama kiti, anaweza kukikalia yeyote, na wakikikalia wengi haiwafanyi kuwa ndugu. Huku kwetu aliyekaa wa kwanza ni TANU. Tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam, chama cha TAA (Tanganyika African Association) kilichokuwepo tangu 1929, na ambacho Nyerere alikuwa rais wake tangu mwaka mmoja kabla, kikageuzwa kuwa Tanganyika African National Union, waanzilishi 17. Hilo ndio tukio. Sikukuu ya kulikumbuka hilo tukio ni kitu cha pili, maonyesho yaliyoshikamana na sikukuu ni cha tatu. Tukio, kumbukumbu, shughuli. Mtoto wa kaka yangu kataja tukio, mwalimu anataka shughuli, na swali lilikuwa linauliza tarehe.

Nadhani kilichofanya watu wasahau tukio ni mwaka 1977. Tarehe 5 Februari mwaka ule TANU na Afro-Shirazi, chama cha Zanzibar, zikaungana ikazaliwa CCM, na CCM ina siku yake ya kuzaliwa ndio hiyo ya Februari. TANU ikawa haipo tena kama chama, sikukuu yake ikabaki kwenye kalenda kama nyumba ambayo mwenyewe kahama, na kwenye nyumba iliyo wazi maonyesho yakawa ndio mwenyeji. Leo ukishuka kituoni pale Kilwa Road wakati wa msimu, konda anaita "Sabasaba hao, Sabasaba shuka", mbele kuna foleni ya kukata tiketi, watoto wana maputo na koni zinawayeyukia mikononi mpaka kwenye kiwiko, mama mmoja kabeba sufuria mpya kichwani na mfuniko wake kwapani. Ni jambo zuri, mimi mwenyewe ndoo zangu za mfuniko nimenunua pale. Na jina limeenda mbali zaidi, Dodoma kuna soko la Sabasaba ambalo liko wazi mwaka mzima. Kwa hiyo simlaumu mtu akisema Sabasaba ni mahali, konda hawezi kuita "viwanja vya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU", gari litakuwa limeshafika Mbagala.

Sasa huyo anayegombana na Mkenya. Saba Saba ya Kenya haijaibiwa popote. Mwaka 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa hadhara uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi tarehe 7 Julai, kudai vyama vingi. Serikali ya Rais Moi ikaukataza, wao wawili wakakamatwa siku tatu kabla na kuwekwa kizuizini, watu wakaenda hivyo hivyo, wakakutana na polisi, mabomu ya machozi na risasi, na watu wakafa. Mwezi Desemba 1991 kile kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kikafutwa. Na mwaka 2025, miaka 35 baadaye, vijana waliingia tena barabarani tarehe ile ile na watu wakapoteza maisha tena. Mkenya akisema Saba Saba koo linamkauka, haongelei sufuria wala koni.

Ukiangalia vizuri hizo mbili zinavutana. Tarehe ile ile, huku inakumbusha kuzaliwa kwa chama ambacho baada ya uhuru kilikuja kuwa chama pekee halali Tanzania Bara kuanzia 1965, kule inakumbusha watu waliokufa wakidai nchi isiwe na chama kimoja. Neno moja, lugha moja, mpaka mmoja tu katikati, na ukimtumia Mkenya meseji ya "Heri ya Sabasaba" umempa pongezi mahali pa pole. Ndio maana nasema neno ni la tarehe, kilichomo ndani ya tarehe kila nchi inacho chake.

Na ukivuka upande wa Uganda ni habari nyingine kabisa. Waganda waliokuwa na akili zao mwaka 1979 ukiwatajia sabasaba wengi wanakumbuka mlio, maana ndivyo walivyoziita zile roketi za BM-21 ambazo jeshi la Tanzania lilizitumia kwenye vita ya kumng'oa Idi Amin. Hiyo wala sio siku, ni silaha. Nimewahi kukaa na mzee mmoja wa Masaka kwenye msiba, mtu akataja Sabasaba akiwa na maana ya maonyesho, mzee akaweka kikombe cha chai chini taratibu akasema, "Hiyo ilipita juu ya nyumba yetu." Tukabaki kimya wote.

Waliokuja kukikalia kiti karibuni ni wawili. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, baada ya Kenya, Uganda na Tanzania kuuridhia. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, mwaka ule ule TANU ilipokoma, na ya pili ikaamka siku ya kuzaliwa TANU, hapo mtu anaweza kuanza kuona maajabu, ila kusainiwa na kuanza kutumika ni vitu viwili na watu wanavichanganya, wanasema Jumuiya "ilisainiwa Sabasaba", hapana, ilisainiwa Novemba.

Wa pili ni Siku ya Kiswahili Duniani, na hii ndio tofauti na zile nyingine zote, kwa sababu haikuangukia tarehe 7 Julai, ilipelekwa pale makusudi. Mkutano Mkuu wa UNESCO uliipitisha tarehe 23 Novemba 2021, ikaanza kuadhimishwa 2022, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitambua mwezi Julai 2024. Sababu iliyotajwa ya kuchagua tarehe hiyo ni TANU chini ya Nyerere kukitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kuunganisha watu kwenye kudai uhuru. Kwa hiyo kati ya TANU na Siku ya Kiswahili kuna kamba ya kweli, kati ya TANU na Kamukunji ni tarehe tu imegongana. Mtu akiandika kwamba Kiswahili "kilizaliwa 7 Julai 1954" nasikia uchungu, lugha iliyokuwa na washairi Pate na Lamu karne kadhaa kabla ya hapo inazaliwaje mwaka ambao baadhi ya bibi zetu walikuwa wameshaolewa. Kilichozaliwa siku ile ni chama, na chama kikachagua lugha iliyokuwepo.

Kwa hiyo ukiwa unaenda kununua ndoo tarehe 2 Julai sema unaenda maonyesho, au maonyesho ya Sabasaba kama unapenda jina, hapo umesema kweli na hakuna atakayekushangaa. Ukitaka kumtakia mtu heri, mtaje unachomtakia, heri ya Siku ya Kiswahili, ili aliye Nairobi aipokee bila kumkwaruza. Na ukiandika, shikanisha.

Mtoto nimemwambia asifute jibu lake. Tumeongeza mstari mmoja kwa penseli chini ya ile kalamu nyekundu, "Maonyesho ya biashara hufanyika kuizunguka tarehe hii", akausoma mara mbili kwa sauti, akafunga daftari akaliweka kwenye begi.