Ukiuziwa sarafu ya "malkia wa Rumi" Istanbul, soma hii kabla hujaibeba

Siku hizi picha zinatuingilia mfululizo hapa makumbusho, wengi ni wafanyabiashara wanaofuata mzigo Istanbul na wanafunzi walioko huko, mtu kaoneshwa kisarafu cha dhahabu chenye mwanamke kavaa lulu na swali ni lilelile, hii bei gani? Sisi wa dawati la sarafu bei hatutoi. Nshasema, makumbusho sio kwa sonara.

Mwanamke mwenyewe akiwa Eudoxia, basi mara nyingi ni mke wa Arcadius, mfalme wa Rumi ya Mashariki, alipewa cheo cha Augusta (yaani malkia) Januari 9, mwaka 400, na juu ya kichwa kuna kamkono kanashuka na taji, huo ni mkono wa Mungu. Sasa kuna na Eudocia, mke wa Theodosius II mtoto wa Arcadius, yaani mkwe wa Eudoxia, na kwenye sarafu tofauti ya majina yao ni herufi moja, EVDOXIA na EVDOCIA, wauzaji wanachanganya kila siku (hata wasomi wakiwa na haraka). AEL inayotangulia jina sio jina la mtu mmoja, ni Aelia, limetoka kwa Flaccilla mke wa Theodosius I likabaki kama cheo, hata Pulcheria analo na yeye alilipata akiwa dada wa mfalme, huyo Theodosius II, sio mke. Na yale maandishi CONOB chini ya sarafu jamani sio jina la malkia!! CON ni Constantinople, hiyohiyo Istanbul unakonunulia majinzi, OB ni dhahabu iliyosafishwa. Solidusi, yaani sarafu kamili ya dhahabu ya Rumi, 72 zilitoka kwenye ratili moja ya Kirumi, kama gramu 4.5 kila moja, ila uzito kukubali sio ushahidi, dhahabu hata tapeli anayo.

Tuje kwenye sheria, Uturuki wana sheria namba 2863 ya mwaka 1983. Ukiokota kitu cha kale, au umegundua unacho, una siku tatu kutoa taarifa makumbusho ya karibu, kijijini unaenda kwa muhtar ambae ni kama mwenyekiti wa kijiji, kwengineko kwa mkuu wa serikali wa eneo. Siku tatu, sio "nikirudi safari". Ukinyamaza bila sababu ya msingi ni kifungo miezi sita hadi miaka mitatu. Kuitoa nje ya nchi ni miaka 5 hadi 12 pamoja na faini ya kuhesabiwa kwa siku, mpaka siku 5,000, na kila siku ni lira ngapi anapanga hakimu.

"Lakini nina risiti." Risiti sio kibali cha kusafirisha. Na ikiwa feki usijipe moyo, unaweza kuzuiwa airport mpaka mtaalamu aitazame, ndege haikusubiri.

Kuna mwengine kauliza akiitia kwenye cheni si itakuwa kidani cha kawaida? Haiwi.